Tela la Shahe Lenye Mlango Pande Mbili

Enzi zetu za Guangzhou, mtu mzima aligeuka mtoto pale pale alipotoka nje ya kituo cha reli na kuweka begi lake chini. Nalisema hili mapema ili wenzangu wa msafara ule wasije wakanung'unika kwamba Bi Mwanaidi ameahidi habari za utotoni kisha akaleta habari za watu wenye ndevu. Utoto wangu wa kwanza niliumaliza Tanga, na nitaugusa panapostahili. Wa pili niliupata ukubwani, mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa mama wa watoto walioogopa hata kukohoa kwangu, na ulikuwa utoto kamili usio na upungufu: tulikula kwa kuonyesha kidole, tulishikwa mkono kuvushwa barabara, tulipotea hatua chache kutoka tulikolala, na tulicheka mambo ambayo nyumbani tungewachapa watoto kwa kuyacheka.

Mimi sikuingia darasani. Nyumbani jambo hilo lilinikalisha nyuma ya wenzangu kwa miaka mingi; kule niliwakuta waliosoma wamekaa nami safu moja, wakiyatazama maandishi ya ukutani kwa macho yale yale ninayoyatazamia mimi siku zote. Nilifurahi, na sioni sababu ya kulificha hilo. Papa Fideli, mfanyabiashara wa Lubumbashi aliyesoma kwa Kifaransa mpaka akavaa miwani, aliingia msalani kwa wanawake mbele ya macho yangu, mkoba wake wa ngozi ukiwa kwapani, akatoka mbio huku akifuatwa na maji ya ndoo. Nilimngoja nje bila kutabasamu, nikamuuliza kama shuleni kwao hawakulifikia somo lile. Alifuta miwani yake akajibu, "Mama Mwanaidi, ile siku walifundisha, mimi nilikuwa mgonjwa."

Wenzangu mnakumbuka. Mnakumbuka asubuhi za Barabara ya Zhanqian, marobota ya nguo yakipita mgongoni mwa vijana wembamba kuliko marobota yenyewe. Mvuke wa mikate yao myeupe isiyo na chumvi wala sukari. Miwa iliyomenywa na kusimamishwa kwenye ndoo kama fimbo za walimu. Mvua iliyoanguka bila kupiga hodi, ikatukuta tumevaa viatu vipya. Mnakumbuka kubishana kwa kalkuleta. Muuzaji anabonyeza bei yake, unamnyang'anya mashine, unabonyeza yako, anashika kichwa kama mtu aliyefiwa, anasema "meiyou", yaani hakuna, hakuna kabisa, nawe unageuka kuondoka polepole, kwa mwendo wa bibi harusi, masikio yako yote yakiwa mgongoni kumsikiliza kama atakuita. Tulicheza mchezo huo kutwa nzima, na jioni tulikuwa na njaa ya watoto waliotoka kucheza. Leo wajukuu zangu wanaagiza mzigo kutoka China wakiwa wamelala chali kitandani, wanabonyeza kidole kimoja, kisha wananiambia kwamba biashara imewachosha. Huyu mjukuu anayeniandikia amesitasita kuliandika hili. Nimemngoja mpaka ameliandika.

Njaa ile ndiyo iliyonipa kazi. Watu wa Dar es Salaam na Unguja walihitaji chakula cha halali chenye ladha ya kwao, na hoteli za mtaa wa Liuhua, tulikolala, zilikataza moto vyumbani. Mmoja wetu alipojaribu kuchemsha maharage ndani ya birika la umeme, tulihamishwa hoteli sote, wenye hatia na wasio na hatia. Basi nikawa mpishi, na jiko langu likawa tela. Kwa wasiolijua, hili si tela la kubebea mchanga. Ni nyumba ndogo ya faiba, plastiki ngumu kama ya maboti, juu ya magurudumu mawili, na gurudumu jingine dogo mbele, ambayo Wazungu huifunga nyuma ya gari wakaenda nayo safarini na kulala humo. Lilikuwa na mlango mmoja ubavuni, madirisha ya kuinua, na meza ya kukunja. Lilifikaje Shahe, nyuma ya masoko ya nguo za jumla, hakuna aliyejua. Wengine walisema liliachwa na watu wa maonyesho, wengine wakasema ni watu wa sarakasi. Lilisimama katika uwanja wa mama mmoja wa Kichina ambaye kila mtu alimwita Laoban, neno lao la sokoni la kumwita tajiri. Uwanja ulikuwa wake, na karakana ya kushonea suruali za jinzi iliyopakana nao ilikuwa yake pia. Alinipa tela kwa sharti kwamba kila asubuhi apate chapati mbili za moto, na mimi ni mtu wa kutimiza masharti.

Ndani ya tela palikuwa safi kiasi cha mtu kula chini. Nje palikuwa aibu. Jua na mvua za miaka mingi zilikuwa zimeuchosha ule weupe wake mpaka ukawa chokaa. Ukiegemea, unaondoka na mgongo mweupe kama mwizi wa unga. Palikuwa na mstari uliozunguka ubavuni, ambao kwa kuutazama kwa subira uliweza kuamini kwamba zamani ulikuwa mwekundu. Shaaban, mfanyabiashara wa viatu kutoka Unguja na mtu asiyeweza kuona ukimya akauacha, aliwaelekeza wageni hivi: "Mkitafuta kwa Bi Mwanaidi, ingieni uwanjani mtafute jino bovu."

Siku moja Laoban alimaliza chapati zake, akafuta vidole, akazungumza kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Shaaban, ambaye Kichina cha sokoni kilimwingia kama kinavyowaingia wapenda maneno, alitutafsiria huku akikwepa macho yangu. Wageni wa heshima wangepita kutazama masoko ya Shahe kesho yake, kabla ya mchana. Kila mwenye uwanja alitakiwa kuonyesha uwanja safi. Tela lile ama ling'ae, ama mkokoteni wa vyuma chakavu uje ulichukue asubuhi hiyo hiyo.

Lingeondoka tela, nami ningeondoka. Hapakuwa na mahali pengine pa kuwasha moto. Na kuondoka hakukuwa jambo dogo. Kaka yangu mkubwa, siku nilipoaga, alisema mbele ya ukoo mzima kwamba mwanamke asiyejua kusoma atarudi kutoka China kabla godoro lake halijapoa. Nilikuwa tayari kufukuzwa na Wachina wote waliopo duniani. Sikuwa tayari kumpa kaka yangu furaha ile.

Tulikaa kikao juu ya marobota. Shaaban alipendekeza tulifunike turubai na kusema kwamba linajengwa. Papa Fideli alivua miwani, jambo alilolifanya kila alipotaka tumsikilize, akasema kwamba faiba haisuguliwi kama sahani. Inaoshwa, inasuguliwa kwa dawa ya mafundi wa magari, inafutwa, kisha inapakwa nta. Niliwaacha wamalize, kisha nikawaambia kwamba kung'arisha ni kazi niliyoifanya kabla hawajaota meno.

Na hapa ndipo Tanga inapoingia. Nakumbuka tulipokuwa wadogo, inapokaribia harusi, mama zetu walitutolea masinia ya shaba yaliyolala mwaka mzima mvunguni, yameingia weusi wa masufuria. Tulipewa ukwaju ulioloanishwa, majivu yaliyochekechwa, na makumbi ya nazi ya kusugulia, tukakaa uani mapaja wazi, tukasugua mpaka vidole vikakunjamana. Ukwaju uliwasha kila mahali palipochubuka, na mahali palipochubuka palikuwa pengi. Kipimo kilikuwa kimoja: sinia halijatakata mpaka uyaone meno yako. Aliyeyaona kwanza alipewa ukoko wa wali wa nazi. Binamu yangu Mwanahamisi, ambaye alizaliwa mjanja, alikuwa akilitemea sinia mate kwa siri na kuyasambaza kwa kanga. Sinia bichi humwonyesha mtu meno papo hapo. Alikwenda nalo kwa mama yangu akitabasamu. Mama hakumkemea. Alilipokea, akaliweka juani, akasema, "Ngoja likauke," akaendelea kuchambua mchele. Mwanahamisi alisimama pale akilitazama sinia likirudi kuwa jeusi mbele ya hadhira. Watoto wa leo wana simu inayowang'arisha uso kwa kubonyeza, na hakuna wa kuwaambia wangoje wakauke.

Kikao hakikuafikiana. Tela lilikuwa na mbavu mbili, na hapo utoto ukatushika rasmi. Iliamuliwa kwamba Kongo ichukue ubavu wenye mlango, unaotazama geti, na Pwani ichukue ubavu wa pili, unaotazama karakana. Kila upande ufanye kwa dawa yake. Watakaoshindwa wataosha masufuria yangu ya pilau mpaka msimu uishe. Papa Fideli alileta wenzake wawili waliovaa mashati ya kupigwa pasi; mimi nilikuwa na Shaaban na vijana wa Kariakoo waliokuja kwa ajili ya chakula na sasa walikuwa wanajuta.

Tulianza kwa kuliosha kwa maji na sabuni, na maji yaliyotoka yalikuwa meupe kama tui. Watu wa Kongo walifungua kopo lao, wakachota dawa nzito inayofanana na dawa ya meno, wakaanza kusugua kwa miduara midogo, kimya, kama watu wanaosali. Sisi tulikuwa na ukwaju niliouleta kutoka nyumbani kwa ajili ya mchuzi, majivu ya jiko langu, na makumbi ya nazi ya sokoni. Tulisugua kwa kelele. Ule unga ulitoka, nakiri ulitoka, na mstari ukaanza kuonyesha wekundu wake kwa haya. Lakini faiba si shaba. Ilipokauka ilibaki imefifia, haina uso, na meno hayakuonekana ya mtu yeyote.

"Bi Mwanaidi," Shaaban alisema, akiwa amejitazama kwa makini ubavuni, "mie naona kivuli tu, na hakinifanani."

Niliingia ndani nikatoka na mafuta ya nazi. Niliyapika kwa mikono yangu. Yalikuwa safi, yananukia, mafuta ya kumpaka mwali. Tulilipaka tela ubavu mzima, kuanzia paa mpaka gurudumu, kwa viganja, kama unavyompaka mtoto baada ya kuoga. Na wallahi liling'ara. Liliwaka. Mstari ulikuwa mwekundu kama midomo iliyokula tambuu, na ule weupe ulikuwa wa maziwa. Tulisimama tukahesabiana meno.

Papa Fideli alizunguka kuja kutazama. Upande wake ulikuwa umejaa miviringo ya dawa iliyokauka, unaonekana mbaya kuliko tulivyoanza. Aligusa ubavu wetu kwa ncha ya kidole, akanusa.

"Mama, muko na safisha tela ao muko na pika samaki?"

"Tazama meno yako, Papa."

"Meno ninaona. Lakini hii kitu inaomba mupole mupole. Kesho itasema."

"Kesho utakuwa unaosha sufuria," Shaaban alimwambia. "Nitakuonyesha ile kubwa, ile ya biriani. Ukiinama ndani yake utaweza kusema na wazee wako."

Papa alirudi upande wake akaendelea na miduara. Sisi tulikula, tukaimba, tukaenda kulala kama washindi.

Sasa sharti nieleze kuhusu feni. Karakana ya Laoban ilikuwa na feni kubwa ukutani lililotoa joto na vumbi la nguo kuja nje, uwanjani. Suruali za jinzi zinapokatwa na kushonwa hutoa manyoya madogo ya buluu, mepesi kuliko pamba ya mto. Kwa siku zote yalikuwa yakiruka juu ya uwanja na kwenda zake kwa majirani, na hakuna aliyeyatilia maanani. Siku ile mafundi walikuwa na oda kubwa, na feni halikupumzika hata usiku. Nilipofika asubuhi kuwasha jiko, nilizunguka upande wetu kujitazama, nikakuta tela limeota manyoya.

Sisemi madoa, wala vumbi. Nasema manyoya. Ubavu mzima, kuanzia paa mpaka gurudumu, ulikuwa na koti la buluu, nene kama la paka anayetunzwa, na upepo ulipopita, koti lile lilitikisika. Shaaban alifika nyuma yangu. Alilipapasa koti lile kwa kidole kimoja.

"Bi Mwanaidi, tulinyoe."

Tulijaribu. Ukiyafuta yanahama, ukiyashika yanakushika. Viganja vya vijana wa Kariakoo viligeuka kuwa vya sokwe. Upande wa pili, Papa Fideli alikuwa anamalizia nta yake kwa kitambaa laini, na ubavu wa Kongo, lazima niseme haki, ulikuwa mkavu, mtulivu, unang'aa kama kikombe cha kaure. Alikuja akaona. Hakucheka. Alivua miwani, akaitundika mfukoni, akasema kwa upole mkubwa, "Mama, hongera. Amezaa."

Tulikuwa tungali na koti letu wakati geti lilipofunguliwa, na Laoban akaingia, na nyuma yake, nje, nikauona mkokoteni wa vyuma chakavu umeegeshwa, mwenyewe amekaa juu yake anakula miwa.

Wenzangu, ninyi mnanijua kuwa mtu wa kunyooka. Lililotokea baada ya hapo halikuwa wazo langu; lilikuwa la Shaaban, na mimi nililikubali kwa kunyamaza. Nilipanda ndani ya tela, nikasimama mlangoni, nikakaza uso. Laoban alitazama ubavu wa Kongo. Alipitisha kidole, akakitazama, kilikuwa safi. Alijiona kwenye faiba akarekebisha nywele zake. Nilimpa chapati ya kwanza. Aliipokea, akala huku akielekea karakanani, kwa kuwa kila asubuhi alipita ndani kuwakagua mafundi wake kisha akatokea mlango wa pili, ule ulio upande wa feni.

Alipoingia tu, tela likaanza kugeuzwa. Shaaban na vijana walikuwa kwenye gurudumu dogo la mbele, na watu wa Kongo, ambao walikuwa na haki yote ya kusimama na kutucheka, walikuwa wakisukuma kwa nyuma wakiwa na mashati yao ya pasi. Mimi nilikuwa ndani, na chai jikoni, na mafuta kwenye kikaango. Nilishika birika kwa mkono mmoja na kikaango kwa mwingine, nikazuia kabati kwa goti. Geti lilipita mbele ya mlango wangu. Ukuta ulipita. Mwenye mkokoteni alipita, muwa ukiwa mdomoni, akinitazama. Kisha karakana ilifika, ikasimama, na vyerehani ndani yake vilikuwa vinapiga kelele za kutosha kufunika dhambi yoyote. Nilirekebisha mtandio wangu. Laoban alitokea.

Alitazama tela. Ubavu ulikuwa unang'aa, hauna doa. Alitikisa kichwa kukubali, akapiga hatua, kisha akasimama. Mkononi alikuwa na kipande cha mwisho cha chapati ambayo nilimpa kwenye mlango huu, upande ule mwingine wa uwanja. Alikitazama kipande. Aliutazama mlango. Alinitazama mimi ndani yake.

Nilimpa chapati ya pili.

Aliipokea, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye adabu, akaanza kulizunguka tela polepole. Kutoka ndani nilisikia hatua zake, kisha sikusikia kitu. Nilishuka nikamfuata, maana sikutaka vijana waseme peke yao. Walikuwa wamejipanga mbele ya yale manyoya wakiwa wameficha mikono nyuma, kama watoto walioulizwa nani kavunja mtungi. Laoban alimwambia Shaaban atoe mikono. Aliitoa. Ilikuwa ya buluu, na ina nywele.

Aliuliza neno fupi. Shaaban alitafsiri kwa sauti ya mtu anayesomewa hukumu: "Anauliza upande huu ni wa nani."

Watu wa Kongo wote walituonyesha kidole.

Laoban alichota manyoya yale kwa vidole viwili, akayaviringisha mpaka yakawa uzi, akauvuta kuujaribu. Alitazama juu, kwenye feni. Lilikuwa linaendelea kutema, na mbele ya macho yetu kipande kimoja cha buluu kilielea, kikatua ubavuni, kikatulia pamoja na ndugu zake. Hapo niliona uso wake umebadilika, na haukubadilika kwa ajili yetu. Majirani walikuwa wamemlalamikia kwa muda mrefu kwamba karakana yake inawachafulia nguo walizozianika na chakula walichokiandaa, naye siku zote aliwajibu kwa neno lile la sokoni: meiyou, hakuna vumbi. Sasa vumbi lake lilikuwa mbele yake, la usiku mmoja, limeshonwa kuwa koti. Na wageni wa heshima walikuwa njiani.

Alipiga kelele kuelekea karakanani. Feni lilizimwa. Mafundi walitoka nje wakijipepea, wasichana wengi wadogo kwa wakubwa, kila mmoja na furushi la mabaki ya vitambaa, na kabla sijapanga nani ashike wapi, tela lilikuwa halionekani kwa mikono. Walilifuta kwa mabaki makavu, wakalisugua kwa sabuni ya unga na maji ya moto kutoka jikoni kwangu, wakalikausha. Papa Fideli alipita nyuma yao na kopo lake akiwaonyesha miduara kwa Kifaransa, nao wakamwelewa. Msichana mmoja alifika kwenye ule mstari mwekundu akaniita nije nione meno yangu. Hakujua Kiswahili, nami sikujua lugha yake. Alinionyesha ya kwake kwanza, nikaelewa.

Wageni walikuja. Walipita barabarani ndani ya gari lenye vioo vyeusi, hawakushuka, na sidhani kama waligeuza shingo. Mwenye mkokoteni alimaliza muwa wake akaondoka mtupu.

Nilidhani hadithi imeishia pale. Jioni Laoban alirudi, akamwita Shaaban, akazungumza naye kwa sauti ya chini. Shaaban alikuja kwangu akiwa amekaza midomo ili kisimtoke kicheko.

"Bi Mwanaidi, tela linabaki. Lakini ana sharti jipya. Anataka kila Jumatatu ubavu wa karakana upakwe yale mafuta yako."

"Kwa nini?"

"Linamkamatia vumbi. Anasema leo jirani yake kaanua nguo safi, na kwa mara ya kwanza kamsalimia."

Ndivyo tulivyoishi. Upande wa geti ulikuwa bibi harusi, na upande wa feni ulikuwa kondoo, na kila wiki tulimkata kondoo manyoya tukampaka tena. Mashindano hayakuamuliwa. Papa Fideli alishikilia kwamba ubavu wake ndio uliong'aa. Shaaban alishikilia kwamba ubavu wetu ndio uliotubakisha. Waliosha masufuria wote wawili, mmoja ndani ya sufuria na mwingine nje yake, wakitukanana kwa heshima, na mimi niliketi mlangoni nikiwaonyesha palipobaki masizi. Mafuta yale hayakuwa na kosa lolote, na hadi leo anayesema yalikuwa na kosa namwomba aje anieleze ni dawa gani ya fundi wa magari iliyowahi kusuluhisha majirani.

Kaka yangu godoro alilitazama likapoa. Nilikwenda na kurudi misimu mingi, nikasomesha watoto, na mmoja wao ndiye mama wa huyu anayeandika.

Mwanangu wa mwisho alikwenda Guangzhou hivi karibuni kununua taa. Nilimwagiza afike Shahe, autafute uwanja wetu. Alinipigia simu ya picha akiwa amesimama mbele ya jengo la vioo, refu, linang'aa kiasi cha kuniumiza macho kupitia simu. Akasema ndipo hapa, Mama, kwa ramani ndipo hapa. Nilimwambia azunguke upande wa pili anionyeshe. Alizunguka. Ulikuwa unang'aa vile vile. Hapakuwa na feni, wala manyoya, wala mtu aliyesimama na kitambaa mkononi. Alisema vioo vile husafishwa na watu wanaoning'inia kwa kamba, na wakati ule hawakuwapo.

Nilimuuliza amekula nini. Alisema pilau, pilau nzuri, aliiagiza kwa simu akaletewa hotelini. Nikamuuliza imepikwa na nani, maana kama ni mtu wa kwetu nilitaka kumjua, nimsalimie, nimuulize anaipata wapi bizari. Akasema hajui, Mama. Alikuwa anaoga, na alipotoka alikuta mfuko umewekwa chini nje ya mlango wa chumba, wa moto bado, na aliyeuleta keshaondoka.